Wenye ujuzi wa kusimamia teksi mjini, tupeane uzoefu: mita, nauli, leseni, vituo

Mpanga_Mji

Wakuu, salaam.

Mji mkubwa ukitaka kunyoosha huduma ya teksi, mara nyingi huanza na vinavyoonekana: rangi moja ya magari, sare za madereva, stika mlangoni. Baada ya miezi kadhaa abiria wanalalamika yale yale. Nauli haieleweki, mvua ikinyesha gari halionekani, dereva anakataa safari fupi. Rangi ya gari haipimi chochote, na kisichopimwa hakiwezi kusimamiwa.

Uzi huu ni wa wanaoijua kazi yenyewe: wapimaji wa mita (kifaa cha ndani ya gari kinachohesabu nauli), wakokotoaji wa nauli, wapangaji wa vituo, watoaji wa vibali. Leteni hatua, vipimo na mahali mambo yanapoharibikia. Simulizi za safari ya jana tuziache kwa uzi mwingine.

Niweke msingi kwanza. Teksi ni soko mbili ndani ya gari moja. Kuna abiria anayepunga mkono barabarani au kupanda kituoni, na kuna anayeagiza kabla. Wa kwanza hana nafasi ya kulinganisha bei, anapanda gari lililo mbele yake, kwa hiyo nauli yake lazima ipangwe na mita iwe ya kuaminika. Wa pili anaweza kuona bei akiwa bado nyumbani na kuikataa. Sheria ya London ya mwaka 1998 ilitenganisha makundi hayo wazi: gari la kukodi binafsi ni la kuagizwa kupitia kampuni yenye leseni, haliruhusiwi kuokota abiria barabarani. Mamlaka ikiandika kanuni moja kwa soko zote mbili, kundi moja litabanwa bila sababu na lingine litaachwa bila ulinzi.

Karibuni.

Fundi_Mita

Nianze na mita, maana ugomvi mwingi kati ya abiria na dereva unaanzia hapo.

Mita hupokea vitu viwili tu: mapigo kutoka kwenye sensa ya mwendo ya gari, na saa yake ya ndani. Tairi ikizunguka, sensa inatoa mapigo. Mita imeshaambiwa kwamba mapigo kadhaa ni kilomita moja. Namba hiyo ikikosewa, kila safari ya gari hilo ina kosa, hata kama dereva ni mwaminifu kabisa.

Kuna jambo ambalo hata baadhi ya wanaopanga nauli hawalijui. Mita nyingi hazijumlishi muda na umbali kwa wakati mmoja. Zina mwendo wa mpaka. Gari likienda chini ya mwendo huo mita inahesabu muda, likizidi inahesabu umbali. Mpaka wenyewe unapatikana kwa kugawa nauli ya saa moja ya kusubiri kwa nauli ya kilomita moja. Kama saa ya kusubiri inalingana na bei ya kilomita 20, basi mpaka ni kilomita 20 kwa saa. Sasa tazama kinachotokea mamlaka ikipandisha nauli ya kilomita kwa asilimia 25 na kuiacha ya kusubiri ilivyokuwa: mpaka unashuka hadi kilomita 16 kwa saa. Dereva aliyekwama kwenye foleni analipwa kile kile cha zamani wakati mafuta yamepanda. Wiki haiishi kabla hajaanza kukwepa katikati ya mji jioni, na watu watasema madereva wamekuwa wakorofi. Viwango hivyo viwili vipandishwe pamoja, au sababu ya kutovipandisha pamoja iandikwe.

Upimaji wa mita ndani ya gari, kwa mpangilio ninaoupendekeza:

Kwanza tairi. Hakikisha saizi ni ile iliyo kwenye kumbukumbu za gari, kisha jaza upepo kwa kipimo cha mtengenezaji tairi zikiwa za baridi. Pili, tumia kilomita moja iliyonyooka na tambarare, iliyopimwa na mpima ardhi au kwa tepi ya chuma. Usiipime kwa odomita ya gari lolote, maana odomita nayo inategemea tairi. Tatu, pita kwa mwendo wa kawaida usiobadilika, soma mapigo kati ya alama mbili, rudia mara tatu. Majibu matatu yakipishana kupita asilimia 0.5, tatizo liko kwenye sensa au waya, usiendelee. Nne, ingiza wastani kwenye mita. Tano, lakiri. Lakiri ziwe tatu: kwenye mwili wa mita, kwenye plagi ya waya, na pale waya unapoungana na sensa. Wengi huweka ya kwanza tu, ambayo ndiyo haiguswi na mtu. Anayetaka kuiba anaingilia waya.

Kisha pima muda. Gari limesimama, mita iko kwenye safari, saa ya mkononi, dakika 10. Hesabu mara ambazo nauli imeruka.

Kwenye cheti andika namba za lakiri, saizi ya tairi na idadi ya mapigo. Cheti kisicho na saizi ya tairi hakina thamani, na sababu ni hesabu ndogo tu. Tairi ya 205/55 R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi. Ukifunga 205/60 R16 kipenyo kinakuwa 652, tofauti ya zaidi ya asilimia 3, na safari hiyo dereva anapunjika. Ukifunga ndogo kuliko ya cheti, anapunjika abiria. Tairi ile ile ikichakaa kutoka kashata ya milimita 8 hadi 1.6, kipenyo kinapungua karibu milimita 13. Hiyo ni asilimia 2, na yote inaelemea abiria kwa sababu tairi ndogo inazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita.

Kanuni za Ulaya zinadai mita yenyewe, kabla ya kufungwa kwenye gari, isikosee zaidi ya asilimia 0.2 kwa umbali na 0.1 kwa muda. Ndani ya gari lazima uruhusu zaidi kwa ajili ya tairi. Lakini uamuzi huo uandikwe kwa namba, usiachwe kwa hisia za mkaguzi.

Mkaguzi_wa_Zamu

Fundi ameeleza karakana, mimi niongeze barabarani, ambako hakuna kilomita iliyopimwa wala muda wa kuzuia gari nusu siku.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Gari lisimame, injini iwake, mita iwekwe kwenye safari. Kama kanuni inasema nauli inaruka kila sekunde 30, hesabu miruko mitano. Muda kati ya miruko ukiwa mfupi, kwa mfano sekunde 24, kuna mawili: kiwango cha muda kimebadilishwa, au kuna kitu kinatuma mapigo ya uongo na mita inadhani gari linatembea.

Mapigo ya uongo hutoka kwenye kifaa kidogo kilichounganishwa kwenye waya wa sensa, na hufichwa nyuma ya swichi ya kawaida. Kwa hiyo mita ikiwa inahesabu, gusa kimoja kimoja: honi, taa za kugeuka, waipa, feni, redio, breki. Tazama mita kila unapogusa. Baada ya hapo linganisha namba za lakiri na cheti. Lakiri isiyovunjika lakini yenye namba tofauti ni kosa kubwa kuliko iliyovunjika, kwa sababu maana yake kuna mtu anazo za kwake.

Wizi ulioenea kuliko yote hauhitaji fundi: dereva anabonyeza nauli ya usiku mchana, au ya nje ya mji akiwa ndani ya mji. Mwaka 2010 mamlaka ya teksi ya New York iligundua hilo kupitia kumbukumbu za GPS za magari, baadhi ya madereva walitumia ndani ya jiji kiwango cha nje ambacho ni mara mbili. Dawa yake ni kumwondolea dereva kitufe. Nauli ya usiku iwashwe na saa ya mita yenyewe, na namba ya kiwango kinachotumika ionekane kwa abiria wa kiti cha nyuma na kwenye taa ya juu ya gari. Mkaguzi aliyesimama ng'ambo ya barabara anaiona bila kusimamisha mtu.

Na risiti. Risiti yenye namba ya gari, namba ya dereva, saa ya kuanza na kumaliza, kilomita, kiwango cha nauli na jumla inamaliza malalamiko mengi kabla hayajawa kesi. Isiyoonyesha kilomita haikusaidii chochote.

Hesabu_za_Nauli

Wadau, naingia kwenye nauli. Niwaombe kitu kimoja: tuache kuuliza kilomita moja iwe bei gani kabla ya kujua gari linatembea tupu kiasi gani.

Gharama za teksi ziko makundi matatu. Za kudumu, ambazo zipo hata gari likilala: bima, leseni, uchakavu au rejesho la mkopo. Za kilomita: mafuta au umeme, tairi, oili, breki. Na malipo ya dereva, ambayo kwa haki yahesabiwe kwa saa. Jumlisha zote kwa mwezi, gawa kwa kilomita zote zilizotembewa. Umepata gharama ya kilomita. Bado hujapata nauli.

Chukua gari linalotembea kilomita 200 kwa siku, 110 zikiwa na abiria. Hiyo ni asilimia 55. Ikiwa gharama ya kila kilomita ni vizio 100, basi kilomita yenye abiria lazima ilete wastani wa 182, yaani 100 gawa kwa 0.55. Sasa punguza kilomita tupu mpaka sehemu yenye abiria ifike asilimia 60. Nauli inayohitajika inashuka hadi 167. Abiria amepata punguzo la asilimia 8 na dereva hajapoteza hata senti. Kwa hiyo kituo kizuri na mfumo mzuri wa kuita magari ni sera ya nauli, ingawa bajeti nyingi huviweka kwenye mafungu tofauti.

New York ilitumia hesabu ya aina hii ilipoweka malipo ya chini kwa madereva wa kampuni za programu za simu kuanzia mwaka 2019: kiwango cha maili na cha dakika kiligawanywa kwa sehemu ya muda ambao gari lina abiria, na mwanzoni ilikuwa asilimia 58. Kampuni ikijaza magari mengi yanayozurura tupu, kigawanyo kinapungua na malipo yanayodaiwa yanapanda. Napenda mantiki hiyo kwa sababu gharama ya magari yaliyozidi inamfuata anayeyaongeza.

Kuhusu nauli ya kufungulia mlango: iwe kubwa ya kutosha kufidia wastani wa kusubiri kituoni na kupakia. Safari ya kilomita 2 na ya kilomita 20 zote zimesubiriwa muda ule ule. Ukiweka kianzio kidogo ili wananchi wafurahi, umeandika kwa mkono wako kukataliwa kwa safari fupi.

Marekebisho yafanyike kila mwaka, mwezi ule ule, kwa fomula iliyotangazwa: uzito wa mafuta, wa matengenezo, wa mishahara, kila kimoja kikifuata fahirisi yake rasmi. Nauli ikifungiwa miaka 5 halafu ikapanda kwa kishindo, abiria wanakimbia na madereva wanaweza kuishia na kipato kidogo kuliko kabla ya kupanda.

Kituo_Namba_1

Nakazia hapo kwa safari fupi, hasa uwanja wa ndege. Adhabu peke yake haifanyi kazi: dereva aliyesubiri saa moja na nusu atajifanya gari limeharibika. Kinachofanya kazi ni tiketi ya kurudi. Dereva akipewa safari fupi, msimamizi anamgongea saa ya kutoka. Akirudi ndani ya muda uliowekwa, tuseme dakika 60, anaingia mbele ya foleni. Mpaka wa safari fupi uchorwe kwenye ramani kwa mitaa na ubandikwe ukutani. Ukisema tu "karibu na uwanja", msimamizi anageuka mfalme na tiketi zinaanza kuuzwa.

Sasa vituo vyenyewe. Makosa ni karibu yale yale kila mahali, na la kwanza ni kuhesabu nafasi za kuegesha badala ya kuhesabu kasi ya kupakia. Kupakia abiria wawili wasio na mzigo ni kama sekunde 40. Gari la nyuma kusogea, sekunde 15 hadi 20. Kwa hiyo kichwa kimoja cha foleni kinatoa takriban magari 60 kwa saa, si zaidi, hata ukiwa na magari 200 yanangoja. Abiria wakiwa na masanduku muda unakuwa maradufu na unabaki na 30. Treni ikishusha watu 150 wanaotaka teksi, kichwa kimoja kitawasimamisha wengine saa nzima au zaidi huku madereva wanasinzia nyuma. Dawa ni sehemu tatu au nne za kupakia kwa pamoja, magari yakiingia kwa kundi na kuondoka kwa kundi, au maegesho ya mshazari ambapo kila gari linatoka bila kulingoja la mbele.

Urefu wa nafasi weka mita 6 kwa gari. Ukiweka 5, buti halifunguki vizuri na kiti cha magurudumu hakipiti. Mlango wa abiria uwe upande wa njia ya waenda kwa miguu. Kituo kilicho upande usio sahihi wa barabara kinashusha watu kwenye magari yanayopita, na hakuna alama inayotibu hilo. Kama nafasi haitoshi karibu na mlango, weka magari 4 hapo na mengine kwenye egesho la akiba mita mia chache nyuma, yaitwe kwa taa au ujumbe wa simu. Ila dereva aliye akiba lazima aone foleni inavyosogea. Asipoiona ataamini anarukwa, ataondoka, na kituo kitakosa magari saa ile ile ya shida.

Choo na maji kwa madereva si anasa. Mahali pasipo na choo, madereva wanaondoka kwenye foleni na mpangilio wote unavurugika.

Dawati_la_Vibali

Suala la idadi ya vibali bado hatujaligusa, na ndilo lenye moto.

Ukomo wa idadi una hatari moja kubwa: kibali kinageuka mali. New York ilifunga idadi kwa sheria ya mwaka 1937, na vibali vikawa vinauzwa na kurithiwa. Kufikia 2013 na 2014 kimoja kilivuka dola milioni 1. Baadaye bei ikaporomoka, na madereva waliokopa kuvinunua wakabaki na madeni makubwa mpaka jiji likaingia kwenye makubaliano ya kuwapunguzia mwaka 2021. Abiria hakuwahi kupanda kibali. Thamani yote ile ilitokana na uhaba.

Kwa hiyo kama mamlaka inaona lazima iweke ukomo, kibali kiwe cha mtu au gari mahsusi, kiwe na muda, kisiuzike wala kukodishwa, na mwenyewe akiacha kazi kirudi mezani. Ukiruhusu kuuzwa hata mara moja, hutaweza kurudi nyuma bila kuwaumiza walionunua kwa nia njema.

Mpanga_Mji

Mkuu, nakubaliana juu ya kuuzwa, lakini kuondoa ukomo kabisa nako kuna bei yake. Ireland iliondoa ukomo mwishoni mwa mwaka 2000 baada ya uamuzi wa mahakama. Dublin ilikuwa na teksi zisizofika 3,000, na ndani ya miaka michache idadi ilikuwa mara kadhaa ya hapo. Muda wa kusubiri ulipungua, hilo ni kweli na ni jema. Lakini msimamizi wa kitaifa aliundwa baadaye, mwaka 2004, na mwaka 2010 utoaji wa vibali vipya ukasimamishwa isipokuwa kwa magari yanayobeba viti vya magurudumu. Mlango ulifunguliwa kabla mlinzi hajaajiriwa.

Sweden nayo iliachia idadi na bei kwa pamoja mwaka 1990. Abiria wa barabarani akajikuta na bei za kila namna. Ikabidi kuwe na lebo ya manjano dirishani inayoonyesha bei ya kulinganishia, yaani safari ya kilomita 10 inayochukua dakika 15. Lebo hiyo ni ubunifu wa kuigwa mahali popote bei zilipo huru, kwa sababu mtu hawezi kulinganisha kianzio, kilomita na dakika kichwani akiwa amebeba mtoto. Namba moja anaiweza.

Dawati_la_Vibali

Hapo umenena. Basi mpangilio uwe hivi: viwango vya ubora kwanza, uwezo wa kukagua pili, idadi mwisho. Na kabla ya kubadilisha idadi, pima vitu viwili kwa wiki nne mfululizo: muda wa abiria kusubiri kwa saa na kwa eneo, na sehemu ya kilomita zenye abiria. Abiria wakisubiri sana huku magari yanazunguka tupu, shida yako ni mgawanyo, wala kuongeza vibali hakutasaidia. Wakisubiri sana na magari yamejaa, hapo ongeza. Wasiposubiri na magari ni matupu, simamisha. Usitumie wastani wa siku nzima, kwa sababu saa 2 usiku wa mvua hupotea ndani ya wastani.

Mwalimu_wa_Madereva

Leseni ya dereva niipitie haraka, kwa sababu vitu vyake vinajulikana: rekodi ya makosa, afya, macho, mtihani. Kinachosahaulika ni kurudia. Uchunguzi wa macho na wa rekodi uliofanywa siku ya kwanza hausemi kitu miaka sita baadaye. Kila leseni iwe na tarehe ya kila kipimo, si tarehe moja ya leseni.

Mtihani wa njia bado una maana hata enzi hii ya ramani za simu. London inautumia tangu 1865: njia 320 za msingi, mitaa takriban 25,000 ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, na mtahiniwa anajieleza kwa mdomo mbele ya mtahini. Si kila mji unahitaji ukali huo. Lakini mtihani mdogo wa hospitali, vituo vya treni na mabasi, mahakama, milango yote ya uwanja wa ndege, na njia mbadala mafuriko yakija, huo haukwepeki. Simu ikizimika, mgonjwa bado anatakiwa kufika.

Saa za kazi ziwekewe kikomo kwa saa za kubeba abiria. New York ina kikomo cha saa 10 ndani ya saa 24 na saa 60 kwa wiki. Tatizo la kiutendaji ni dereva anayefanyia kazi kampuni mbili: kila moja inaona nusu ya saa zake. Kikomo kinasimamika tu kama rekodi zote zinakutana kwenye namba moja ya leseni ya dereva, kwenye mfumo wa mamlaka. Na dereva anayelipa hesabu kubwa ya kila siku kwa mwenye gari ataendesha mpaka alale usukani. Ukidhibiti saa bila kuweka ukomo wa hesabu hiyo, umemkaba mtu shingo pande zote mbili.

Magurudumu_Manne

Naomba tusimalizie uzi bila kutaja abiria wenye viti vya magurudumu. Teksi zote za London zinatakiwa kuwapokea tangu mwaka 2000, na ilifanyika kwa kulifanya sharti la gari kupewa leseni. Kuwaomba tu wenye magari hakutoshi.

Gari lenyewe: sakafu bapa, dari la kutosha mtu kukaa wima, ubao wa mteremko. Sakafu ikiwa sentimita 40 kutoka ardhini, ubao wa mita 1.6 unatoa mteremko wa 1 kwa 4, na huo ni mkali sana kumsukuma mtu mzima. Dereva akiegesha sambamba na ukingo wa sentimita 12, kimo kinabaki 28 na ubao ule ule unakuwa karibu 1 kwa 6. Kwa hiyo afundishwe kuegesha kwanza, ubao baadaye.

Ndani, kiti kitazame mbele au nyuma, kamwe kisitazame ubavuni. Kinafungwa kwa mikanda minne kwenye fremu, miwili mbele na miwili nyuma. Usifunge kwenye magurudumu wala sehemu inayochomoka. Kisha abiria mwenyewe ana mkanda wake wa kiuno na bega. Mikanda ya kiti haimzuii mtu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Malipo ya muda yaanze abiria akishafungwa salama, na mamlaka imfidie dereva dakika hizo kwa kila safari iliyothibitishwa. Pasipo fidia, dereva atampita mtu huyo kituoni akijifanya hakumwona.

Kumbukumbu_na_Data

Kwenye kampuni za programu za simu: mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2017 kwamba Uber ni huduma ya usafiri, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua Februari 2021 kwamba madereva waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Ukiandika kanuni leo, usirudi kubishana kama kampuni hizo zinahusika. Weka masharti kwenye leseni.

Sharti la kwanza liwe data, kila safari kwa mstari wake: namba ya leseni ya dereva, namba ya gari, saa ya kuombwa, ya kukubaliwa, ya kupakia, ya kushusha, kilomita, nauli aliyolipa abiria, kiasi alichopata dereva. Hizo mbili za mwisho zikitenganishwa ndipo utaona makato. Maombi yaliyokataliwa au kufutwa nayo yaletwe, kwa sababu bila hayo unaona safari zilizofanikiwa tu na utaamini mitaa ya pembezoni haihitaji teksi.

Tahadhari ya faragha. New York ilipotoa rekodi za safari za teksi za mwaka 2013, namba za magari zilifichwa kwa kugeuzwa kimahesabu. Lakini aina za namba hizo ni chache, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuzigeuza zote na kulinganisha, na utambulisho ukafichuka. Ukichapisha data, toa namba za kubahatisha zisizotokana na namba halisi, zungusha saa hadi dakika 15, na weka eneo badala ya nukta ya mlango wa mtu.

Mkaguzi_wa_Zamu

Nirudi kwa kifupi kwenye malalamiko, kwa sababu yote haya huishia kwenye meza hiyo.

Namba ya gari iwe ndani pia, nyuma ya kiti cha mbele, kwa maandishi yanayosomeka usiku na kwa nukta za breli. Abiria hakumbuki bamba la nje. Lalamiko lipewe namba papo hapo, na mita ya gari husika isomwe kabla rekodi haijafutika. Baadhi ya mita zina nafasi ya safari chache, kwa hiyo siku tatu zinaweza kuwa nyingi mno.

Wakaguzi wanaojifanya abiria watumwe kwa jozi: mmoja mwenye mzigo, mwingine kwenye kiti cha magurudumu au mwenye mbwa wa kumwongoza asiyeona, mahali pale pale na saa ile ile. Tofauti ya majibu ndiyo ushahidi. Safari moja moja haithibitishi kitu, dereva atasema hakuona mkono. Safari 20 za jozi kwenye kituo kimoja zinasema.

Vitu vilivyosahauliwa vikabidhiwe mahali pamoja, kwa risiti yenye namba ya gari, saa na eneo la kushushia. Dereva aliyekabidhi mkoba wenye fedha anapaswa kuingiziwa hilo kwenye faili lake, ukurasa ule ule yanapoandikwa makosa.

Fundi_Mita

Mkaguzi, kuhusu kusoma mita: kabla ya kuchomeka waya wako, piga picha ya lakiri zote tatu zikiwa mahali pake, namba zikisomeka. Ukivunja lakiri kwanza ndipo upige picha, wakili wa mwenye gari atasema umeivunja wewe, na kesi imekwisha.